Kurwa, Doto na kivuli cha gesi: jinsi upepo wa kwasa unavyopimwa

Katikati ya mwaka 2013 darubini ya Hubble iliigeukia galaksi NGC 5548. Galaksi hii iko ndani ya kundinyota la Bakari, lile lenye nyota angavu Simaki, umbali wa miakanuru karibu milioni 245. Katikati yake kuna shimo jeusi lenye uzito wa makumi ya mamilioni ya Jua, na gesi inayolizunguka kabla ya kumezwa hung'aa mno, ndiyo maana galaksi yenyewe huhesabiwa kati ya zile zinazoitwa Seyfert, kwa jina la Carl Seyfert aliyezieleza mwaka 1943. Wanaoishughulikia waliijua spektra yake, yaani mwanga wake uliotandazwa kwa urefu wa mawimbi, kama sura ya jirani. Safari hii sura ilikuwa imebadilika. Kilima cha mwanga wa kaboni kilikuwa kimeliwa ubavu wa buluu, upande wa mawimbi mafupi, na eksirei laini, zile za nishati ndogo, zilikuwa zimezibwa kwa karibu asilimia 90. Pazia la gesi lilikuwa limeingia kati ya shimo jeusi na sisi, likija upande wetu kwa kasi inayofika km 5,000 kwa sekunde, na lilikuwa siku chache tu za nuru kutoka katikati.

Pazia hilo halina picha na halitapata picha karibuni. Siku tatu za nuru, zikitazamwa kutoka huku tuliko, ni pembe ndogo mara elfu kadhaa kuliko ile ambayo Hubble inaweza kuitenganisha. Yote tunayoyajua kulihusu yametokana na kivuli: mwanga unatoka nyuma, gesi iko mbele, na sisi tunahesabu kilichopungua. Ni kama kutambua aina ya kitambaa cha pazia kwa kutazama taa inavyopenya, bila kuligusa pazia.

Katika kazi hii kasi ya gesi ndiyo jambo rahisi. Mtu aliyezoea huisoma kwa dakika chache. Kiasi cha gesi ni kigumu. Umbali wa gesi kutoka shimo jeusi ni mgumu zaidi, na bila umbali huwezi kusema kama upepo huu wa gesi una nguvu ya kuidhuru galaksi yake au ni moshi tu.

Kwa nini urujuanimno

Gesi iliyo karibu na shimo jeusi linalong'aa hunyang'anywa elektroni. Kaboni iliyopoteza elektroni tatu, naitrojeni iliyopoteza nne, oksijeni iliyopoteza tano: hizi ndizo ioni zinazoacha alama nzito zaidi, na alama zote zinaangukia kwenye urujuanimno. Kaboni hiyo hufyonza mwanga wa angstromu 1548.20 na 1550.77 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita). Naitrojeni hufyonza 1238.82 na 1242.80, oksijeni 1031.93 na 1037.62. Haidrojeni nayo ina mstari wake maarufu wa Lyman-alfa, 1215.67.

Hapa kuna mtego wa majina unaowakwaza wengi. Wanaastronomia huiita atomu nzima isiyopoteza elektroni namba I, kwa hiyo kaboni iliyopoteza elektroni tatu huandikwa C IV, si C III. Vivyo hivyo N V imepoteza nne na O VI imepoteza tano. Ni desturi ya zamani na haitabadilika.

Kila ioni ni kipimajoto cha aina yake. Ili C IV ipatikane, mwanga unaoipiga gesi uwe na nishati ya elektrovolti 47.9 au zaidi; ukizidi 64.5, elektroni ya nne nayo huondoka na C IV hugeuka C V. N V inahitaji 77.5, O VI inahitaji 113.9. Ukiziona zote tatu kwa kasi ileile, basi unatazama gesi iliyopigwa sana. Ukiona pia magnesi iliyopoteza elektroni moja tu, ambayo huhitaji 7.6, basi mahali fulani ndani ya gesi hiyo kuna kivuli kizito kinachoikinga.

Tatizo ni hewa yetu. Chini ya angstromu 3,200 hivi, ozoni hufunga mlango. Kwa galaksi za karibu, hakuna njia isipokuwa kwenda angani: darubini ya IUE iliruka 1978 ikafanya kazi hadi 1996, FUSE ilishughulikia mawimbi mafupi zaidi kuanzia 1999 hadi 2007, na mwaka 2009 wanaanga waliifungia Hubble chombo cha kupima spektra kinachoitwa COS, ambacho ndicho mfalme wa kazi hii mpaka leo. Kwa kwasa za mbali, yaani viini vya galaksi vinavyong'aa kwa njia hiihii ila kwa nguvu zaidi, kutanuka kwa ulimwengu hutusaidia bila malipo. Mstari wa C IV wa kwasa yenye mhamo mwekundu (kiasi mawimbi yalivyorefushwa) wa 2 hufika kwetu ukiwa na urefu mara tatu, yaani angstromu 4,645, rangi ya buluu ya kawaida. Ndiyo maana kwasa ya kwanza yenye mabonde mapana ya ufyonzaji, yaani sehemu za spektra ambako mwanga umepungua, PHL 5200, iligunduliwa na Roger Lynds mwaka 1967 kwa darubini ya ardhini, miaka mingi kabla ya Hubble.

Kusoma kasi bila kudanganyika

Data za Hubble ziko wazi kwenye hazina ya MAST, na faili ya spektra iliyokwisha kusafishwa huishia na neno x1dsum. Kwa NGC 5548 utahitaji mipangilio miwili ya COS: G130M kwa angstromu 1,150 hadi 1,450 hivi, na G160M kutoka 1,405 hadi karibu 1,775. Chagua picha zilizopigwa katika nafasi zote nne za FP-POS. Kigunduzi cha COS kina nyaya nyembamba mbele yake, na vivuli vya nyaya hizo hufanana kabisa na mistari ya ufyonzaji. Spektra ikisogezwa kidogo mara nne, vivuli vya nyaya vinabaki palepale kwenye kigunduzi huku mistari ya kweli ikihama na mwanga, na ukiziunganisha picha vinafifia. Aliyetumia nafasi moja tu kuokoa muda wa darubini huishia kugundua gesi isiyokuwepo.

Kisha tafuta sifuri yako: galaksi yenyewe inakwenda kwa mhamo gani? Kwa NGC 5548 thamani inayotumika ni 0.017175. Usiichukue kutoka kilele cha mstari wa C IV. Katika kwasa kilele hicho mara nyingi kimesogea upande wa buluu kwa mamia ya kilomita kwa sekunde, kwa sababu gesi inayokitoa nayo inapeperushwa. Tumia mistari myembamba ya oksijeni, au magnesi, au haidrojeni ya redio ukiipata.

Kuanzia hapo ni hesabu ya shule. Urefu wa wimbi uliouona, toa ule uliotarajiwa, gawa kwa uliotarajiwa, zidisha kwa kasi ya mwanga. Jibu likiwa hasi, gesi inakuja upande wetu. Katika NGC 5548 kuna vijito sita vyembamba vya gesi vinavyojulikana tangu zamani, kuanzia kile cha km 1,160 kwa sekunde hadi kile kinachojikokota kwa 40.

Sasa tazama kwa karibu mstari wa N V wa galaksi hii. Zidisha 1238.82 kwa 1.017175: unapata 1260.10. Galaksi yetu wenyewe, Njia Nyeupe, ina silikoni inayofyonza kwenye 1260.42 na salfa kwenye 1259.52. Silikoni hiyo itaonekana kama naitrojeni inayotumbukia kuelekea shimo jeusi kwa km 76 kwa sekunde, na salfa itaonekana kama kijito cha saba kinachotoka kwa km 138. Vyote viwili ni vya hapa kwetu. Dawa ni moja: pacha wa N V, ule mstari wake wa pili wa 1242.80, lazima aonekane kwenye kasi ileile, karibu na 1264.15 kwa gesi tuli. Asipokuwepo, si N V.

Kwa galaksi zilizo karibu mno adui ni mwingine. Haidrojeni inayoizunguka Dunia hung'aa kwenye 1215.67, na Hubble huzunguka ndani yake. Galaksi NGC 4151 ina mhamo wa 0.0033 tu, kwa hiyo gesi yake ikija kwa km 1,000 kwa sekunde, mstari wa Lyman-alfa huangukia juu kabisa ya mng'ao huo na hakuna cha kupima.

Kasi zikiwa kubwa, hesabu ya shule haitoshi. Chukua kwasa yenye mhamo wa 2.00 na bonde la C IV kwenye angstromu 4,340. Mhamo wa gesi ni 4,340 gawa kwa 1548.20, toa 1, yaani 1.803. Hesabu rahisi inatoa km 19,660 kwa sekunde. Hesabu sahihi ni kuchukua 3.000 na 2.803, kuzipandisha kipeo cha pili, kugawa tofauti kwa jumla, kisha kuzidisha kwa kasi ya mwanga: 20,300. Tofauti ya km 640 ni kubwa kuliko umbali kati ya pacha wa C IV wenyewe.

Kurwa na Doto

Ioni tulizozitaja hufyonza kwa jozi. Mstari wa wimbi fupi huzaliwa na nguvu mara mbili ya ndugu yake, na huu ndio utaratibu wa atomu, haubadiliki popote ulimwenguni. Tuuite ule wenye nguvu Kurwa na mwenzake Doto. Kwa C IV, Kurwa ni 1548.20 na Doto ni 1550.77, na wametengana kwa km 498 kwa sekunde. Kwa N V ni 962, kwa O VI ni 1,650 hivi, kwa silikoni ya Si IV ni zaidi ya 1,900.

Ikiwa pazia la gesi limefunika taa yote, Doto akiacha nusu ya mwanga ipite, Kurwa ataacha robo. Ni kuzidisha tu. Lakini mara nyingi sana Kurwa anaacha, tuseme, asilimia 40. Mwanzoni watu walidhani ni kelele za vipimo. Sababu yenyewe ni nyepesi: pazia halikuifunika taa yote. Mwanga fulani unapita pembeni bila kuguswa na unajaza chini ya bonde.

Kwa kuwa tuna vipimo viwili na visivyojulikana viwili, tunaweza kutatua. K iwe mwanga uliobaki chini ya Kurwa na D uliobaki chini ya Doto, vyote kwa kasi ileile. Sehemu iliyofunikwa ni (1 − D)² gawa kwa (1 − 2D + K). Weka D = 0.5 na K = 0.4: 0.25 gawa kwa 0.4 ni 0.625. Gesi imefunika asilimia 62.5 ya taa. Ndani ya sehemu hiyo iliyofunikwa, Doto anapitisha asilimia 20 tu ya mwanga, si 50. Ukigeuza kuwa unene wa kimwanga, kipimo cha jinsi gesi inavyozuia mwanga, unapata 1.61, ilhali aliyesoma kina cha bonde moja kwa moja angepata 0.69.

Tuseme bonde hilo lina upana wa km 100 kwa sekunde. Idadi ya ioni za C IV kwenye njia ya mwanga, kwa kila sentimita ya mraba, inatoka 4.1 × 10¹⁴ kwa hesabu sahihi na 1.8 × 10¹⁴ kwa hesabu ya haraka. Zaidi ya mara mbili, na huu ni mfano mpole.

Kanuni hii ina ulimi wa moto kwenye mabonde yasiyo na kina. Chukua D = 0.90 na K = 0.82: ufunikaji ni 0.5, jibu zuri. Sasa tuseme ulipochora mstari wa mwanga wa msingi juu ya bonde uliushusha kwa asilimia 2 tu, kosa ambalo jicho halilioni. D inakuwa 0.9184 na K inakuwa 0.8367. Jaribu tena: (1 − 2D + K) inashuka hadi sifuri, na jibu linaruka bila kikomo! Kwa bonde la kina tulilotangulia nalo, kosa la asilimia 5 linabadilisha 0.625 kuwa 0.61 tu. Kwa hiyo usiipige kanuni hii pikseli kwa pikseli mpaka kwenye kingo za bonde. Ifanyie kazi pale palipo na kina, na ukaguzi wa kwanza uwe kwamba K haizidi D wala haishuki chini ya D kipeo cha pili.

Makosa mengine mawili yanapaswa kutajwa hapa. Moja, COS haichori mstari mwembamba kwa ncha kali. Vioo vya Hubble vina kasoro ndogo za usagaji zinazotawanya mwanga kidogo mbali na mahali pake, kwa hiyo bonde jembamba lililopaswa kufika sifuri linajazwa chini, na asiyejua ataita hali hiyo ufunikaji pungufu. Iga umbo hilo la chombo kwanza, ndipo ulinganishe. La pili ni la kijiometria. Pale ilipo C IV, taa yenyewe ni mbili: sahani ndogo inayong'aa karibu na shimo jeusi, na wingu kubwa la gesi linalotoa kilima kipana cha kaboni. Pazia linaweza kufunika sahani yote na nusu tu ya wingu. Namba moja ya ufunikaji inaficha hadithi mbili.

Na pacha wa jirani wanaweza kuchanganyikana. Katika NGC 5548, Doto wa kijito cha km 1,160 anaangukia kwenye −662 katika kipimo cha Kurwa, na hapohapo kuna vijito vingine vya 640 na 720. C IV inakuwa kama sokoni siku ya gulio. N V, kwa kuwa pacha wake wametengana zaidi, inatoa nafuu, ndiyo maana wengi huanza nayo ingawa ndiko iliko ile salfa ya Njia Nyeupe.

Fosforasi haisemi uongo

Kurwa na Doto wakiwa na kina sawa, kanuni inasema tu kwamba gesi ni nzito mno. Inaweza kuwa nzito mara kumi au mara elfu, bonde halibadiliki. Hapo ndipo elementi adimu zinapokuwa na thamani.

Katika mchanganyiko kama wa Jua, kwa kila atomu elfu moja za kaboni kuna fosforasi moja hivi. Fosforasi iliyopoteza elektroni nne, P V, huishi katika hali karibu sawa na C IV: huhitaji elektrovolti 51.4 na huvunjika kwenye 65.0. Mistari yake ni 1117.98 na 1128.01. Ukiiona imetia bonde la kueleweka, basi C IV ina unene wa mamia, haijalishi bonde lake linaonekana la kina gani. Kabla ya hoja hii kukubalika, baadhi ya watu walisoma mabonde ya kwasa kama yalivyo na kuhitimisha kwamba gesi ina fosforasi nyingi ajabu. Haikuwa hivyo. Kaboni ilikuwa imejaa hadi pomoni na ikasomwa kama haba.

Umbali: hapa ndipo kazi ilipo

Ukishapata idadi ya ioni kadhaa, unaziingiza kwenye programu ya kuiga gesi inayopigwa na mwanga. Inayotumika zaidi ni Cloudy, iliyoanzishwa na Gary Ferland mwaka 1978. Unaipa umbo la mwanga, kiasi cha elementi na unene wa gesi. Inakurudishia ni ioni gani zitakuwepo. Unalinganisha, unarekebisha, na mwishowe unapata kipimo cha jinsi gesi inavyopigwa: fotoni ngapi kwa kila elektroni.

Lakini kipimo hicho hakikupi umbali. Gesi nyembamba iliyo mbali na gesi nzito iliyo karibu hupigwa sawasawa. Kinachojulikana ni msongamano ukizidishwa kwa umbali kipeo cha pili, basi. Ukitaka umbali, lazima uupate msongamano kwa njia nyingine. Na ukiukosea mara 100, umbali unaukosea mara 10.

Njia ya uhakika zaidi ni kutafuta ioni zilizopandishwa ngazi. Gesi ikiwa nzito, elektroni huru huzigonga ioni mara kwa mara na kuzipandisha kwenye ngazi ya juu kidogo. Ikiwa nyembamba, ioni hupata muda wa kushuka zenyewe. Kila ngazi ina mstari wake. Silikoni ya ngazi ya chini hufyonza 1260.42 na ya ngazi ya juu 1264.74, kaboni 1334.53 na 1335.71, salfa ya S IV 1062.66 na 1072.97. Uwiano wa mistari hiyo miwili ndio kipimo cha msongamano.

Hapo ndipo pazia la 2013 liliposaidia kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga. Lilipoziba eksirei na urujuanimno mkali, vijito vya nje viliingia gizani. Ioni zake zikaanza kurudisha elektroni, na kwenye kijito cha km 1,160 ikatokea mistari ambayo kabla haikuonekana, ikiwemo ya silikoni, ya chuma na ya fosforasi. Humo pia kulikuwa na kundi la mistari sita ya kaboni karibu na 1175, inayotoka kwenye ngazi za juu tu. Kutokana nayo msongamano ulitoka karibu elektroni 60,000 kwa kila sentimita ya ujazo, na umbali parseki 3.5, yaani miakanuru kama 11. Lilikuwa jibu safi kuliko mengi yaliyotangulia kwa galaksi hii.

Njia nyingine ni saa. Taa ikififia, gesi huchelewa kurudisha elektroni, na ucheleweshaji hutegemea msongamano: haidrojeni yenye elektroni 100,000 kwa sentimita ya ujazo huchukua zaidi kidogo ya mwaka mmoja. Unafuatilia mistari, unahesabu siku. Ila saa hii ina sharti moja ambalo NGC 5548 yenyewe ililivunja hadharani. Kuanzia Februari hadi Julai 2014 Hubble iliitazama karibu kila siku, zaidi ya mara 170. Katikati ya kampeni, kwa siku 60 hadi 70, mistari ya mng'ao ikaacha kufuata kupanda na kushuka kwa mwanga tunaouona, na mistari myembamba ya ufyonzaji nayo ikafanya hivyohivyo. Watafiti wakaita kipindi hicho likizo. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba pazia lilikuwa likibadilika, hivyo mwanga mkali unaoipiga gesi haukuwa ukienda sambamba na ule wa angstromu 1,150 na kuendelea tunaoupima sisi. Gesi ilikuwa ikifuata taa yake. Sisi tulikuwa tukitazama nyingine.

Nguvu ya upepo

Mwenye umbali anaweza kupiga hesabu ya mwisho. Chukua kijito kile cha parseki 3.5, unene wa jumla wa haidrojeni karibu 3 × 10²¹ kwa sentimita ya mraba, kasi km 1,160, na ukubali kwamba kinaizunguka nusu ya anga ya shimo jeusi, kwa sababu zaidi ya nusu ya galaksi za Seyfert zilizopimwa na Hubble zina ufyonzaji wa aina hii. Gesi inayotoka inakuwa kama Jua moja kwa mwaka, na nguvu yake ya mwendo karibu wati 4 × 10³⁴, sawa na mng'ao wa Jua milioni 100. Inasikika kubwa. Lakini kiini cha NGC 5548 hutoa wati 2 hadi 3 × 10³⁷, kwa hiyo kijito ni karibu sehemu moja ya elfu tu. Mifano ya kompyuta inayotaka upepo uzuie galaksi isizae nyota huhitaji kati ya asilimia 0.5 na 5. Kijito hiki hakifiki.

Kwasa zenye mabonde mapana ni habari nyingine, kwa kuwa nguvu ya upepo hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi na zenyewe hufika sehemu ya kumi ya kasi ya mwanga. Ni kati ya asilimia 10 na 20 ya kwasa zinazochaguliwa kwa mwanga wa kawaida. Ili kutozichanganya na nyingine, Weymann na wenzake mwaka 1991 waliweka sheria: hesabu ufyonzaji wa C IV kati ya km 3,000 na 25,000 kwa sekunde, tena pale tu bonde linaposhuka angalau asilimia 10 mfululizo kwa upana wa km 2,000. Mpaka wa juu upo kwa sababu ukizidi hapo unaanza kugongana na kilima cha Si IV. Mpaka wa chini unaondoa ufyonzaji wa kawaida wa jirani. Mistari myembamba inabaki na shaka, kwani galaksi yoyote iliyo katikati ya njia nayo huacha C IV. Lakini gesi ya galaksi ya njiani haiwezi kufunika nusu ya taa ndogo namna hiyo, na haibadiliki ndani ya miezi. Ukiona kimojawapo, gesi ni ya kwasa yenyewe.

Ubishi mkubwa uliobaki ni wa umbali wa mabonde haya mapana. Mifano ya upepo unaonyanyuka kutoka kwenye sahani huuweka chini sana ya parseki moja. Mwaka 2018 Nahum Arav na wenzake, wakitumia ile mistari miwili ya S IV, walipata kwamba karibu nusu ya vijito walivyovipima viko zaidi ya parseki 100 kutoka katikati. Huenda upepo husafiri mbali ukiwa mzima. Huenda mawingu tunayoyaona yalizaliwa hukohuko, upepo wa moto ulipoigonga gesi ya galaksi na kuisaga. Kipimo chenyewe kina ukuta wake: msongamano ukizidi sana elektroni 50,000 hivi kwa sentimita ya ujazo, uwiano wa ioni za salfa za ngazi ya juu kwa zile za chini hufika 2 na kuganda hapo. Kuanzia hapo gesi inaweza kuwa na elektroni milioni au bilioni 10 kwa sentimita ya ujazo, na mistari miwili itatoa jibu lilelile.